Kibanja Kinacholishwa na Mshahara

Ukitoka Bukoba kwenda Muleba kwa njia ya Kemondo na Muhutwe, kama kilomita 70, macho huona rangi mbili zikipokezana. Kuna kijani kizito cha migomba kilichofumbata nyumba, mibuni na makaburi, na kuna rangi ya hudhurungi ya nyika wazi, isiyo na mti wala mtu, ambayo wenyeji huiita rweya. Mgeni hudhani watu walichagua udongo mzuri wakapanda migomba, wakauacha mbaya uote majani. Lakini kwa sehemu kubwa udongo wa pande zote mbili ulikuwa mmoja, mwepesi, uliooshwa na mvua kwa karne nyingi. Kilichoutenganisha ni mikono. Vizazi na vizazi vilikata majani ya rweya, vikayabeba kichwani, vikayatandika chini ya migomba pamoja na samadi ya ng'ombe na majivu ya jikoni, mpaka udongo wa kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, ukawa mweusi. Kibanja cha Mhaya kimetengenezwa na watu, kama nyumba inavyojengwa.

Nilikwenda Kagera na swali moja la kumuuliza kila nitakayekutana naye: unaishi kwa kazi gani, na mzazi wako aliishi kwa kazi gani? Majibu yalianza kila mtu kivyake, huyu uvuvi, huyu ualimu, huyu bodaboda, huyu uwakala wa fedha za simu. Yaliishia mahali pamoja. Hata aliyezaliwa Kashai, katikati ya mji wa Bukoba, alikuwa na kibanja cha kutaja, cha babu au cha mjomba, na alijua ni migomba gani imesimama na ipi imelala. Sikukuta aliyeacha kazi moja akaingia nyingine kama mtu anayehama nyumba. Nilikuta watu wanaoongeza kazi juu ya kazi, na ile ya chini kabisa hawaiachi.

Asubuhi nilishuka Nyamukazi, mwalo ulio jirani na uwanja wa ndege wa Bukoba. Mitumbwi ilikuwa imerudi, na dagaa walikuwa wamekwisha kumwagwa juu ya nyavu kuukuu na juu ya chanja, wanawake wakiwatawanya kwa viganja. Kazi hii ina kalenda yake, na kalenda yenyewe ni mwezi. Dagaa huvutwa na taa usiku wa giza. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni balbu za betri na za jua. Mwezi ukikua, mwanga wa taa hauna nguvu tena, na kwa siku kadhaa kila mwezi wavuvi hukaa nchi kavu. Siku za giza huingiza fedha, siku za mbalamwezi huzila.

Kijana mmoja aliyekuwa akishona wavu alinieleza anavyozitumia siku hizo. Kwao ni Muleba. Mbalamwezi ikiingia, hupanda gari akaenda kumsaidia mama yake kibanjani, giza likirudi naye hurudi ziwani. Nilipomuuliza kama yeye ni mvuvi au mkulima, aliniangalia kwa upole akasema, "Kaka, inategemea mwezi."

Alikuja ziwani akiwa mdogo, migomba yao ilipoangamia. Katikati ya miaka ya 2000 mnyauko wa migomba uliingia Tanzania kupitia Kagera, na Muleba ni kati ya wilaya zilizopigwa mapema na vibaya. Bakteria wake hubebwa na wadudu wanaotua kwenye ua dume, lile lining'inialo chini ya mkungu, na hubebwa pia na panga linalotoka mgomba mgonjwa kwenda mzima. Ndizi huiva kabla ya wakati, ukizikata ndani zina rangi ya kutu, na shina hutoa usaha wa manjano. Dawa ya kunyunyiza haipo. Iliyopo ni nidhamu: kung'oa mgomba mgonjwa, kukata ua dume kwa kijiti cha panda badala ya panga, na kulipitisha panga motoni kabla ya kuligusa shina jingine. Familia iliyozoea kula ndizi kila siku ilijikuta ikinunua unga sokoni. Fedha ya unga haina budi kutoka mahali, na kwa nyumba nyingi ilitoka ziwani.

Kwa wafanyakazi wa chombo, uvuvi wa dagaa ni kazi ngumu na isiyo na ahadi. Mafuta, chakula na gharama nyingine hutolewa kwanza, kinachobaki ndicho wanachogawana na tajiri, ndivyo anavyoitwa mwenye chombo. Wanawake waanikao hununua wabichi kwa ndoo, wakaomba jua. Mvua ikinyesha mchana, dagaa waliokusudiwa kuwa kitoweo huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na mtaji umekwenda. Mama mmoja alikuwa akitazama mawingu yaliyosimama juu ya kisiwa cha Musira, hakunijibu salamu mpaka alipohakikisha yanapita. Nilimwelewa.

Ni kutoka katika kazi hii ndiko kijana mmoja alikotolewa, taifa zima likishuhudia. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani katika hali mbaya ya hewa, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43, na 19 walifariki. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, akiwamo Majaliwa Jackson, mvuvi kijana, aliyesema alitumia kasia kuufungua mlango. Kesho yake Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, apate mafunzo. Mwalo mzima unaisimulia habari hiyo, na unaisimulia kwa fahari. Lakini mzee mmoja aliyekuwa akiziba ufa wa mtumbwi aliongeza jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Wavuvi, alisema, wameokoa watu katika ziwa hili tangu enzi za baba zao. Siku ile meli ya MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, waliozunguka na mitumbwi walikuwa watu wa kazi hiyohiyo. Uokoaji ni sehemu ya uvuvi isiyo na mshahara. Kijana alipopewa sare, alilipwa kwa kazi aliyokuwa akiijua tayari. Naamini mzee yule yuko sahihi, na naamini serikali ingefanya vema kuwafundisha na kuwapa vifaa wale waliobaki mwaloni pia.

Mjini Bukoba kuna biashara nyingine ambayo imebadilisha mikono kabisa, nayo ni senene. Msimu mkubwa ni Novemba na Desemba, mvua zinapokolea. Wenye umri mkubwa wanakumbuka senene wakiokotwa alfajiri kwenye majani ya rweya, umande ukiwa bado umewalemea mabawa. Waliookota ni wanawake na watoto, na kwa mila za zamani wanaume ndio waliokula. Siku hizi senene wanategwa. Mabati yanasimamishwa kwa mshazari, chini yake mapipa, juu yake taa kali zinazoonekana kutoka mbali. Mdudu hufuata mwanga, hugonga bati, huteleza ndani ya pipa. Mtego wa namna hiyo unahitaji umeme au jenereta, mabati, vibarua wa usiku na kiwanja cha kukodi, na kwa hiyo unahitaji mtaji. Wenye mtaji wengi ni wanaume. Wanawake wamebaki na kunyonyoa mabawa na miguu, kukaanga na kuuza kwa kopo pale stendi. Kazi imekua, fedha imeongezeka, na mwenye kazi wa zamani amesogezwa pembeni. Nilinunua kopo moja, moto bado, kwa mama aliyenihakikishia kuwa mama yake aliokota senene wa kujaza kikapu bila kutoa shilingi. Yeye hana njia hiyo tena, maana rweya ya kwao imepandwa misonobari na mikaratusi.

Kabla ya kushika njia ya kusini nilipitia Katuruka, eneo la Maruku, mahali panapohusishwa na mfalme Rugomora Mahe. Hapo na katika ghuba ya Kemondo wanaakiolojia walifukua tanuri za chuma za zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alifika Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960, na katika miaka ya 1970 aliwakuta wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani mwao. Kazi yao ilikuwa imekufa miongo kadhaa nyuma, majembe ya viwandani yalipofika dukani kwa bei ambayo mfua chuma hakuiweza. Walipoombwa waifanye tena, iliwabidi wajaribu zaidi ya mara moja. Walikumbuka kuchoma matete ya bwawani ndani ya shimo la tanuri, walikumbuka udongo wa kichuguu, walikumbuka kuiingiza mirija ya mifuo ndani kabisa ya tanuri ili hewa ipate moto kabla ya kukutana na makaa. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo yao, na dunia ya sayansi ikasoma kwamba Wahaya walikuwa wakipata chuma chenye sifa za chuma cha pua kwa ufundi wao wenyewe, karne nyingi kabla ya viwanda vya Ulaya kupulizia tanuri zao hewa moto.

Nilisimama pale muda mrefu nikiwawaza wale wazee. Waliishi miaka hamsini wakiwa wakulima wa kawaida, na ufundi ule ulikuwa bado mikononi mwao. Yaelekea walipoacha tanuri hawakuanza upya kabisa, kwa sababu migomba ilikuwa inawangoja. Kibanja kilikuwa bima yao kabla hapajawa na bima.

Toka Muhutwe barabara ya Kamachumu inapanda. Ubaridi unaongezeka, ukungu unakaa mpaka saa nne, na migomba inakaribiana. Huko nilikaribishwa na mwalimu mstaafu ambaye sitamtaja jina. Kabla hatujasema neno alileta kifurushi cha majani makavu ya mgomba, ndani yake kahawa ya kutafuna: buni zilizovunwa zikiwa bado kijani, zikachemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa. Hivyo ndivyo Wahaya walivyoitumia kahawa kabla ya Mzungu yeyote. Mgeni hupewa, na waliotaka kufanyiana undugu wa damu walishirikiana buni za ganda moja. Siku hizo mibuni ilikuwa chini ya mamlaka ya wafalme. Wajerumani, waliojenga boma Bukoba mwaka 1890 chini ya Emin Pasha, baadaye walihimiza watu waipande, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia bei ilipopanda, kahawa ikageuka kuwa mshahara wa kijiji.

"Baba yangu alitoa pesa kibanjani akaniweka shuleni," Mwalimu alisema. "Mimi nimetoa pesa shuleni nikaiweka kibanjani. Wanangu wanaituma kwa simu." Kisha akatafuna buni yake, akanyamaza.

Niliandika maneno hayo palepale, kwa kuwa yamebeba historia ya mkoa. Mwaka 1950 wakulima walikuwa na chama kikuu chao, Bukoba Native Co-operative Union, na kahawa ya miaka ile ilijenga nyumba za bati, ikalipa ada, ikawapeleka vijana shule za Ihungo na Nyakato na seminari ya Rubya. Wengi hawakurudi. Wakawa walimu, mapadri, wachungaji, madaktari, mahakimu. Laurean Rugambwa akawa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Kwa njia hiyo kibanja kilizalisha watu ambao kazi zao zingewaweka mbali nacho. Kisha vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi miaka ya 1990, na mwaka 2018 kahawa ikarudishwa mikononi mwa ushirika. Katika misukosuko hiyo yote mkulima alilipwa kwa kuchelewa, au kidogo, au vyote viwili.

Hapo ndipo butura ilipopata nguvu. Gharama za shule hudaiwa Januari. Kahawa ya robusta huanza kuvunwa Mei. Katikati kuna miezi ya njaa ya fedha, na mwenye fedha huja kuinunua kahawa ikiwa ingali ua mtini, kwa sehemu ndogo ya bei itakayouzwa. Hiyo ndiyo butura, na serikali imeikataza mara nyingi. Mwalimu haoni kwamba katazo pekee linafaa kitu, nami nakubaliana naye: asiyekuwa na akiba mwezi wa kwanza atauza ua, iwepo sheria au isiwepo. Kinachoua butura ni mkopo wa haki unaofika kabla ya Januari.

Mwalimu alifundisha Tabora na Shinyanga kwa miaka mingi. Likizo zake zote alizimalizia hapa. Kila mwaka sehemu ya mshahara ilinunua samadi, kwa sababu ng'ombe wa ukoo hawapo tena, na sehemu ililipa vibarua, wengi wao kutoka Ngara na Burundi, wakate majani na kuyatandika. Alinipitisha kati ya migomba akinionyesha kila shina kwa fimbo. Hili la kupika, hili la pombe, hili jipya kutoka kituo cha utafiti cha Maruku. Hakuna aliyewahi kumlipa kwa kazi hii. Ukipiga hesabu ya samadi, vibarua na nauli, kibanja chake kimekula zaidi ya kilichotoa kwa miaka thelathini, na hajajuta hata siku moja. Humo wamo wazazi wake, naye amekwisha kuonyesha sehemu yake.

Katika mazungumzo yetu aliwagusia wadogo zake watatu, akawataja kwa haraka. Nilielewa. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika vijiji hivi ugonjwa uliondoa watu wa umri uleule ambao kwa kawaida huwafundisha wadogo kazi. Mabibi waliokuwa wamefika wakati wa kupumzika walishika tena jembe. Wajukuu walikua wakijifunza migomba kutoka kwa mtu mwenye nguvu chache za kuwaonyesha. Watu husema vijana wa siku hizi hawapendi kilimo. Wengine hawakuwa na wa kuwafundisha.

Muleba yenyewe ina kesi ambayo wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipozeeka, asiwe na wa kumtunza, mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000. Mwana wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, alikwenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akitaka mauzo yabatilishwe, kwa kuwa mila ya Kihaya haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Alishinda hapo. Mahakama ya Wilaya ikageuza uamuzi, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akatamka kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ileile ya mwanamume. Kabla ya hapo, wanawake wa Buhaya waliotaka ardhi isiyo na masharti ya kaka au mume iliwabidi waitafute fedha mbali, Kampala na Nairobi, kwa kazi ambazo jamii iliwalaumu kwazo, kisha warudi kununua kibanja kwa jina lao. Mimi huwaheshimu wanawake wale. Walifanya kwa miili na miguu yao jambo ambalo mahakama ilikuja kulifanya kwa karatasi.

Hali ya kahawa imegeuka tena. Mwaka 2024 bei ya robusta duniani ilipanda kuliko ilivyowahi kuonekana kwa miongo, na minada ikawafikishia wakulima wa Kagera sehemu ya ongezeko hilo. Ghafla watu walioko Dar es Salaam na Mwanza wanauliza mipaka ya vibanja vya baba zao. Muleba mjini nilimkuta binti mwenye stashahada ya kilimo ambaye alisubiri ajira ya serikali mpaka akachoka kusubiri, akaanzisha kitalu cha miche ya kahawa na migomba nyuma ya nyumba ya kupanga. Sasa anatunza vibanja vya watu wasiokuwepo. Anapanda, anapogoa, anakagua mnyauko, anatuma video. Wateja wanalipa kwa simu. Ardhi yake mwenyewe hana, ya nyumbani kwao iko kwa kaka zake.

Nilikuwa nimekaa naye kivulini simu ilipoita. Mteja alikuwa Mwanza, mtu mzima kwa sauti, na binti alimwamkia shikamoo kabla ya kushuka kwenye biashara. Alitaka miche mia nne ipandwe msimu huu, na alitaka mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Binti alimweleza bila kupandisha sauti kwamba mbuni mpya huchukua miaka miwili hata mitatu kabla ya kuzaa vizuri, na yeye hawezi kuutunza udongo wa mtu kwa miaka mitatu, aje aondolewe mwaka wa mavuno. Alitaka miaka saba, na theluthi ya mavuno kuanzia mwaka wa tatu, na yote yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

"Baba, mimi nakuheshimu," alisema, "lakini naomba uandike."

Mteja akapanda hadi miwili. Binti akashuka hadi sita. Salio la mteja lilipokwisha walikuwa wamefika minne na nusu, naye binti akaomba nimwazime simu yangu amalizie.